Ngome za Wales: Zilijengwa kuwatiisha wenyeji, leo wenyeji ndio wanaozitunza

MGENI anayepita katika mitaa myembamba ya mji wa Caernarfon, kaskazini-magharibi mwa Wales, husikia lugha mbili. Ya kwanza ni Kiingereza cha watalii wanaopanga foleni kwenye lango la ngome. Ya pili, ambayo ndiyo inayotawala madukani, shuleni na barazani, ni Kiwelshi.

Jambo hilo lingemshangaza mno aliyeuanzisha mji huo. Mfalme Edward wa Kwanza wa England alipoagiza Caernarfon izungushiwe ukuta mwaka wa 1283, alikusudia uwe mji wa walowezi kutoka England. Wawelshi waliokuwa wakiishi hapo walihamishwa, na miaka zaidi ya mia moja baadaye zikatungwa sheria za kuwazuia kununua ardhi au kushika nyadhifa katika miji ya aina hiyo.

Mkenya aliyesoma historia ya Nairobi ya enzi za mkoloni hatahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2021, takriban asilimia 64 ya wakazi wa Gwynedd, jimbo ambalo makao yake makuu ni Caernarfon, wanazungumza Kiwelshi. Ngome imebaki, mfalme aliyeijenga ametoweka, na funguo za lango ziko mikononi mwa idara ya serikali ya Wales yenyewe, inayoitwa Cadw. Neno hilo kwa Kiwelshi maana yake ni kutunza.

Hiki ndicho kitendawili kinachomkabili kila anayezuru ngome za eneo hili ambalo kwa karne nyingi lilikuwa mpaka wa vita kati ya Wawelshi na Waingereza. Anayezitazama kama majengo mazuri ya mawe atarudi na picha nyingi. Anayetaka kuzielewa hana budi kuuliza kila afikapo: ni nani aliyeijenga ngome hii, na alikuwa akimwogopa nani?

Swali hilo lina majibu matatu. Kuna ngome zilizojengwa na makabaila wa mpakani, kuna zile za mfalme, na kuna zile ndogo, ambazo watalii wengi huzipita bila kuzitambua, zilizojengwa na watawala wa Kiwelshi wenyewe. Ni vyema kuzizuru kwa mpangilio, kuanzia kusini kwenye mpaka, kisha kuelekea kaskazini.

Mpaka wenyewe una umri mkubwa kuliko ngome. Katika karne ya nane, Offa, mfalme wa Mercia aliyetawala kuanzia mwaka wa 757 hadi 796, alichimbisha handaki refu na kulirundikia tuta la udongo ili kuitenga nchi yake na Wawelshi. Sehemu kubwa ya tuta hilo ingalipo. Njia ya miguu inayolifuata kwa karibu ilifunguliwa mwaka wa 1971, nayo ina urefu wa kilomita 285 kutoka karibu na Chepstow, kusini, hadi pwani ya Prestatyn, kaskazini.

Siku hizi hakuna kituo cha ukaguzi mpakani. Viza ya Uingereza inayompeleka msafiri London ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha Wales, na dalili pekee ya kwamba amevuka ni mabango ya barabarani kuanza kuandikwa kwa lugha mbili.

Chepstow ndipo mahali pa kuanzia. Ngome yake iko juu ya mwamba, ukingoni mwa Mto Wye, na ng'ambo ya mto ni England. Ujenzi ulianza mwaka wa 1067, yaani mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka England, chini ya kabaila aliyeitwa William FitzOsbern.

Haraka hiyo inaeleza mengi. Wanormani walikuwa bado hawajaimeza England, na tayari walikuwa wakijenga kwa mawe mpakani, wakati ambapo ngome nyingi zao zilikuwa za mbao juu ya kilima cha udongo. Mwamba uliwalinda upande mmoja, nao mto, ambao maji yake hupanda na kushuka sana kufuatana na bahari, uliwaletea chakula na mvinyo kwa mashua hata adui alipoziba barabara.

Kitu cha kutazamwa zaidi Chepstow si mnara wala ukuta. Ni milango miwili ya mbao. Ilining'inia kwenye lango kuu hadi mwaka wa 1962, na wataalamu walipochunguza miviringo ya mbao zake waligundua kwamba ilitengenezwa kabla ya miaka ya 1190. Inahesabiwa kuwa milango ya ngome yenye umri mkubwa zaidi barani Ulaya. Sasa imewekwa ndani, mbali na mvua, na mgeni anaweza kuona jinsi seremala wa zama hizo alivyoibana kwa bamba za chuma upande wa nje ili adui asiichome moto.

Makabaila kama FitzOsbern na waliomfuata walipewa uhuru ambao wenzao wa ndani ya England hawakuwa nao. Mpakani, amri za mahakama za mfalme hazikufika. Kabaila aliweza kujenga ngome bila kuomba kibali, kuendesha mahakama yake na hata kupigana vita vyake binafsi. Kwa kifupi, mfalme aliwaambia: ardhi mtakayoweza kuipokonya na kuishikilia ni yenu.

Ndiyo sababu ngome ni nyingi kupita kiasi katika eneo hili. Kila bonde lilikuwa na bwana wake, na kila bwana aliwaogopa Wawelshi waliokuwa mbele yake, majirani zake makabaila waliokuwa kando, na mfalme aliyekuwa nyuma yake.

Anayetaka kuona utajiri wa makabaila hao ulifika wapi na aende Caerphilly, umbali mfupi kaskazini mwa Cardiff. Gilbert de Clare alianza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1268 ili kumzuia Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Kiwelshi aliyekuwa akipanua himaya yake kuelekea kusini. Llywelyn aliishambulia mwaka wa 1270 ujenzi ukiendelea, lakini hakuweza kuusimamisha.

Caerphilly ndiyo ngome kubwa kuliko zote nchini Wales. Imezingirwa na maziwa yaliyotengenezwa kwa kujenga mabwawa, na ndani ya maji kuna ukuta unaozungukwa na ukuta mwingine. Mmoja wa minara yake umeinama vibaya, kiasi kwamba mgeni husita kusimama chini yake, ingawa umekaa hivyo kwa karne kadhaa.

Kutoka hapo, barabara za kuelekea kaskazini zinapita kwenye magofu mengi. Skenfrith na Grosmont ni madogo, hayatozwi kiingilio, na mara nyingi mgeni huyakuta yakiwa na kondoo na ndege peke yao. Wigmore, upande wa England, iliyokuwa makao ya ukoo wenye nguvu wa Mortimer, imeachwa makusudi na miti na nyasi zake. Wahifadhi waliamua kuimarisha kuta bila kung'oa mimea, na kwa hakika gofu hilo linaeleza kuporomoka kwa ukoo huo vizuri kuliko bango lolote.

Ludlow, pia upande wa England, inastahili nusu siku. Ngome hiyo ilianza kama kituo cha vita, ikaishia kuwa ofisi. Kuanzia karne ya 15 ndiko kulikokaa baraza lililoisimamia Wales na maeneo ya mpakani kwa niaba ya mfalme, hadi lilipovunjwa mwaka wa 1689.

Ni humo ndimo alimofia Arthur, mrithi wa kiti cha ufalme cha England, mwezi Aprili mwaka wa 1502, miezi michache tu baada ya kumwoa Catherine wa Aragon. Mjane huyo baadaye aliolewa na mdogo wake Arthur, Henry wa Nane, na mzozo wa ndoa hiyo ndio uliokuja kuitenga England na Kanisa la Roma. Ni vigumu kusimama katika chumba hicho kisicho na paa bila kuwaza jinsi homa ya kijana wa miaka 15 ilivyogeuza mkondo wa historia.

Hayo ndiyo ya makabaila. Ya mfalme yanaanza na ugomvi wa heshima.

Mwaka wa 1267, kwa Mkataba wa Montgomery, England ilikubali kumtambua Llywelyn ap Gruffudd kuwa Mkuu wa Wales. Lakini Edward wa Kwanza alipotawazwa, Llywelyn alikataa mara kadhaa kwenda kumpigia magoti. Mwaka wa 1277 Edward alimwendea na jeshi kubwa, akamnyang'anya sehemu kubwa ya nchi, na papo hapo akaanza kujenga Flint na Rhuddlan.

Katika majengo hayo ya mwanzo tayari mbinu ya Edward inaonekana wazi. Karibu ngome zake zote zilipaswa kufikiwa kwa meli. Pale Rhuddlan mto ulikuwa umepindapinda mno, kwa hivyo wachimbaji waliletwa wakaunyoosha kwa zaidi ya kilomita tatu ili meli zifike hadi chini ya ukuta. Jeshi la Wawelshi lingeweza kuteka njia zote za milimani, lakini halikuwa na manowari.

Vita vya pili vilizuka mwaka wa 1282, baada ya Dafydd, nduguye Llywelyn, kuishambulia ngome ya Hawarden siku ya Jumapili ya Matawi. Tarehe 11 Desemba mwaka huo Llywelyn aliuawa karibu na kijiji cha Cilmeri, na kichwa chake kikapelekwa London kuonyeshwa kwa umma. Dafydd alikamatwa, akanyongwa na kukatwakatwa huko Shrewsbury mwezi Oktoba mwaka uliofuata.

Baada ya hapo Edward aliizungushia Gwynedd, kitovu cha upinzani, ngome ambazo leo ndizo fahari ya utalii wa Wales: Conwy, Caernarfon na Harlech, kisha Beaumaris. Shirika la Unesco liliziorodhesha zote nne kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1986, pamoja na kuta za miji ya Conwy na Caernarfon.

Aliyesimamia kazi hiyo hakuwa Mwingereza. Alikuwa bingwa wa uashi aliyeitwa James wa St George, kutoka Savoy, nchi ya milimani ambayo sasa imegawanywa kati ya Ufaransa, Italia na Uswisi. Msomaji atakumbuka kwamba hata Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Madola yanayoteka nchi za watu huwa hayaoni haya kuazima ujuzi.

Conwy ndiyo iliyokamilika upesi, kati ya 1283 na 1287, kwa gharama ya takriban pauni 15,000 za wakati huo. Minara yake minane inaonekana mtu akiwa bado mbali. Ukuta wa mji una urefu wa kilomita 1.3 na minara 21, na sehemu yake kubwa inapitika juu kwa miguu bila malipo. Mwenye macho makali ataona mahali fulani vyoo 12 vilivyojengwa sambamba vikining'inia nje ya ukuta, ushahidi kwamba hata makarani wa mfalme walikuwa na mahitaji yao.

Hata hivyo, kilichobomolewa Conwy kina uzito sawa na kilichojengwa. Mahali hapo palikuwa na abasia ya watawa ambamo alizikwa Llywelyn Mkuu, babu yake Llywelyn aliyeuawa. Edward aliihamisha abasia nzima hadi Maenan, ndani zaidi ya bonde, akajenga ngome yake pale pale. Jeneza la jiwe linaloaminika kuwa la mtawala huyo sasa limewekwa kanisani Llanrwst, kilomita chache kutoka Maenan. Liko tupu. Wageni wengi wa Conwy hawafiki huko, nalo ni kosa, kwani ni mwendo mfupi tu na linaeleza kwa nini eneo hilo hasa lilichaguliwa.

Harlech imejengwa juu ya jabali. Wakati wa Edward bahari ilifika karibu na chini yake, na ngazi zenye vidato 108 zilishuka hadi mahali pa kupokelea meli. Leo bahari imerudi nyuma na kuacha uwanda wa mchanga na nyumba, hivyo mgeni asishangae kuona lango la maji lisilo na maji. Wawelshi walipoasi mwaka wa 1294, askari wasiofika 40 waliweza kuishikilia ngome hiyo kwa sababu chakula kilizidi kuletwa kwa meli kutoka Ireland.

Caernarfon haikuwa na bahati hiyo. Katika uasi huo huo, ulioongozwa na Madog ap Llywelyn, Wawelshi waliuvamia mji ukuta wake ukiwa haujakamilika upande wa ngome, wakauteketeza. Edward aliirejesha mwaka uliofuata, akaamuru kazi iendelee.

Ngome hiyo ni tofauti na nyingine zote. Minara yake si ya duara bali ina pembe nyingi, na kuta zake zimepambwa kwa mistari ya mawe ya rangi tofauti. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Edward alitaka ifanane na kuta za Constantinople, mji wa makaisari. Haikuwa ngome ya ulinzi tu, bali kiti cha enzi cha mtawala mpya.

Mwanawe, Edward wa Pili, alizaliwa humo mwaka wa 1284. Kuna hadithi maarufu kwamba mfalme aliwaahidi Wawelshi mtawala asiyejua Kiingereza, kisha akawaonyesha mtoto mchanga. Waelekezaji bado huisimulia, na wageni hucheka, lakini maandishi ya wakati huo hayaitaji. Ilianza kuonekana katika karne ya 16. Lililo kweli ni kwamba mtoto huyo alifanywa Mkuu wa Wales mwaka wa 1301, na tangu hapo cheo hicho kimekuwa cha warithi wa ufalme wa England.

Uasi wa 1294 ndio pia uliozaa Beaumaris, katika kisiwa cha Anglesey, ulioanza kujengwa mwaka wa 1295. Barua ambayo James wa St George aliiandikia hazina ya mfalme mwanzoni mwa 1296 ingalipo, na ni hati inayomfaa mkandarasi yeyote wa serikali kuisoma. Alieleza kwamba alihitaji waashi 400, vibarua 2,000, wachimbaji mawe 200 na wahunzi 30, mbali na mikokoteni na mashua, kisha akaomba fedha zitumwe upesi kwani watu walikuwa wakidai mishahara yao.

Fedha hazikutosha. Edward alikuwa amegeukia vita vya Scotland, na Beaumaris haikukamilika kamwe. Minara yake mifupi inaonekana kama iliyokatwa vichwa. Ajabu ni kwamba wataalamu wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyochorwa vizuri kuliko zote. Ukuta wa nje ni mfupi, wa ndani ni mrefu, hivyo wapiga upinde wa kuta zote mbili waliweza kumlenga adui kwa pamoja, na malango hayatazamani, ili aliyevunja la kwanza alazimike kugeuka huku akipigwa kutoka juu.

Mpango huo ulikuwa kamili kiasi kwamba ungeweza kushindwa kwa njia moja tu, nayo ni hila. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Conwy.

Mwaka wa 1400 Owain Glyndŵr alijitangaza Mkuu wa Wales na kuanzisha uasi uliotikisa nchi kwa zaidi ya miaka kumi. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka wa 1401, askari wa Conwy walikwenda kanisani wakaacha walinzi wachache. Binamu zake wawili Glyndŵr, Rhys na Gwilym ap Tudur, waliingiza watu wao ngomeni kwa kujifanya mafundi seremala waliokuja kazini. Ngome iliyogharimu pauni 15,000 ilitekwa kwa sanduku la vifaa.

Glyndŵr mwenyewe aliiteka Harlech mwaka wa 1404, akaifanya makao yake na kuitisha bunge huko mwaka uliofuata. Ilipochukuliwa tena mwaka wa 1409, mkewe na binti zake walikamatwa. Yeye hakukamatwa kamwe, na hakuna ajuaye kaburi lake.

Historia ilikuwa na mzaha wake, hata hivyo. Ndugu wa tatu wa wale maseremala wa uongo, Maredudd, alipata kitukuu aliyeitwa Henry Tudor, ambaye mwaka wa 1485 alitwaa ufalme wa England. Chini ya mwanawe, sheria za 1536 na 1543 ziliiunganisha Wales na England na kufuta mamlaka ya makabaila wa mpakani. Ngome zikakosa kazi. Mapaa yaliporomoka, mawe yakaibwa kujengea nyumba, na isipokuwa chache kama Chirk, ambayo imekaliwa na watu tangu ikamilike mwaka wa 1310, nyingi zilibaki mapango ya popo hadi watalii walipoanza kuzigundua.

Anayeishia hapo atakuwa ameona nusu ya mambo. Ngome za Wawelshi wenyewe zinahitaji kutafutwa. Dolbadarn ni mnara mmoja wa duara unaotazama ziwa huko Llanberis, uliojengwa na Llywelyn Mkuu kulinda njia ya milimani. Castell y Bere, iliyoanzwa mwaka wa 1221, iko bondeni mbali na barabara kuu, nayo ndiyo ngome ya mwisho ya Wawelshi kuanguka, mwezi Aprili mwaka wa 1283. Zote mbili hazitozwi kiingilio.

Baada ya ukubwa wa Caernarfon, mnara wa Dolbadarn unaonekana mdogo kwa namna inayohuzunisha. Hapo ndipo mtu anapoelewa hesabu ya vita hivyo: upande mmoja ulikuwa na kodi ya England yote na mikopo ya mabenki ya Italia, upande wa pili ulikuwa na ng'ombe na milima.

Je, wenyeji wa leo wanazionaje ngome za mfalme? Si kwa sauti moja. Mwaka wa 1969, Charles, ambaye sasa ni mfalme, alipotawazwa kuwa Mkuu wa Wales ndani ya Caernarfon, mamilioni ya watu walitazama kwenye televisheni. Usiku wa kuamkia siku hiyo, watu wawili wa kundi lililopinga utawala wa England walikufa mjini Abergele bomu walilokuwa nalo lilipolipuka.

Mzozo ulizuka tena Flint mnamo Julai 2017. Serikali ya Wales ilitangaza mpango wa kujenga sanamu ya pete kubwa ya chuma kando ya ngome hiyo, kama sehemu ya mradi wa pauni 395,000. Tatizo ni kwamba pete ya chuma ndilo jina ambalo kwa muda mrefu limetumiwa kuelezea mzingo wa ngome za Edward uliowakaba Wawelshi. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini kupinga, wakiuliza ni taifa gani linalojenga mnara wa kusherehekea kushindwa kwake. Kufikia Septemba mpango huo ulikuwa umewekwa kando.

Wakati huo huo Cadw imezidi kuzikarabati ngome hizo hizo. Harlech ilipata daraja jipya la wageni mwaka wa 2015, na Caernarfon ikapata lifti mwaka wa 2023 ili wasioweza kupanda ngazi wafike juu ya lango la mfalme. Hapa hakuna mgongano kama inavyodhaniwa. Waliopinga pete ya Flint hawakutaka ngome ibomolewe. Walichokataa ni kushangiliwa kwa aliyeijenga. Ni kama ilivyo Mombasa, ambako Fort Jesus ilikuwa gereza la Waingereza hadi mwaka wa 1958 na leo ni jumba la makumbusho, bila ya yeyote kudai kwamba kuitunza ni kuwasifu Wareno au wakoloni waliofuata.

Kwa usafiri, Chepstow, Caerphilly, Ludlow, Flint, Conwy na Harlech zote zina stesheni za reli karibu na ngome. Caernarfon na Beaumaris hufikiwa kwa basi kutoka Bangor. Viatu vigumu ni lazima, kwani mvua ya Wales haichagui msimu na ngazi za minarani huteleza.

Mwenye siku moja zaidi ashuke kusini hadi Llandovery. Kando ya gofu la ngome ya mji huo kuna sanamu ya chuma kinachong'aa, iliyosimamishwa mwaka wa 2001 kumkumbuka Llywelyn ap Gruffydd Fychan, mzee aliyenyongwa hadharani mwaka wa 1401 kwa kulipoteza njia jeshi la mfalme lililokuwa likimsaka Glyndŵr. Sanamu hiyo ina kofia ya chuma, joho, mkuki na ngao. Ndani ya joho hamna mwili wala uso.

Kutoka hapo treni ndogo inayokwenda Shrewsbury hupita Cilmeri, ambako jiwe refu lililosimikwa mwaka wa 1956 linaonyesha mahali alipouawa Llywelyn, na ambako watu hukusanyika kila Desemba. Mwishowe husimama Knighton, mji ulio juu ya tuta la Offa. Mji uko Wales, lakini stesheni yake iko England. Abiria anayeshuka huvuka mpaka kwa miguu, dakika chache tu, akiburura mkoba wake.